Simeon Gachau, Aliyetafuta Gundi ya Kushika Majini (1941–1999)

Simeon Gachau alizaliwa tarehe 3 Mei 1941 huko Ruiru, katika shamba la kahawa ambako wazazi wake walikuwa vibarua. Alisoma huko huko, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1958. Alichelewa shuleni mara nyingi kwa sababu ya mto. Huko mtoni ndiko alikowaona wadudu wanaojijengea nyumba kwa punje za mchanga, wakizigandisha chini ya maji. Hakuwasahau.

Tarehe 12 Desemba 1970 alimuoa Waceke, mama yetu, wakajenga Gatuanyaga.

Kuanzia 1972 hadi 1996 alikuwa msaidizi wa maabara katika chuo kikuu karibu na Kahawa Sukari. Baada ya kazi alitafuta jambo moja tu: gundi inayoshika majini kama ile ya wadudu wake. Alichemsha maziwa, akayachanganya na chokaa na dawa za maabara, kisha akabandika vijiwe ndani ya karai la maji. Vyote vilibanduka. Tuseme ukweli, alikuwa mbishi.

"Baba Nyawira, leo ni strungi tena?" Mama alizoea kumuuliza.

"Ngoja kidogo tu," alijibu, na chai ikabaki nyeusi miaka mingi.

Februari 1997, kiangazi kikiwa kikali, tangi letu la saruji lilipata ufa karibu na sakafu. Majirani walishauri limwagwe ndipo lizibwe. Mama alikataa, kwa kuwa hatukuwa na maji mengine, sisi wala ng'ombe. Basi Baba akavua viatu, akaketi ndani ya maji, akaubana ufa kwa gundi na kiganja. Kufikia saa saba ufa ulikuwa umeziba, na kiganja kimegandamana na ukuta. Mama alikunja gauni, akaingia, akamlisha githeri kwa kijiko. Walicheka mpaka tukawasikia jikoni.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka wa 1998. Alitibiwa Thika, akafariki nyumbani Ijumaa, tarehe 11 Juni 1999. Siku tatu kabla, alimtuma Mama akaangalie tangi.

"Nje ya tangi ni kukavu kabisa," Mama alimwambia. Baba akalala vizuri.

Ameacha mke, Waceke. Watoto, Nyawira anayewasomea haya, Kagwe na Becky. Na wajukuu wanne.

Chai ya maziwa mliyokunywa asubuhi imepikwa kwa maji ya tangi hilo. Alama ya kiganja chake bado iko ndani. Pumzika salama, Baba. Imeshika.