Fundi Aliyekaa Kiti cha Bi Harusi

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Dishon Odera atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho hapa Karakana ya Baraka, Bondeni, baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Mimi niko stoo ya vipuri. Nimeombwa kuandika wasifu wake kwa sababu, wanasema, ni mimi pekee niwezaye kumtania asininunie. Haya basi.

Alikuja kutoka Siaya akiwa kijana mwembamba, akaanza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Akawa fundi wa injini, kisha msimamizi wa karakana, cheo alichokishika hadi leo. Magari ya kabureta yalipoanza kupungua na yale ya kompyuta kuingia, hakununa. Alijifunza mashine ya kuyapima akawafundisha na wenzake. Mafundi wengi wenye karakana zao mjini leo walipita mikononi mwake, na wote watakwambia alikuwa mkali kwelikweli.

Sheria yake ni moja: hafungui boneti kabla hajapandishwa garini. Mwenye gari aendeshe kama aendeshavyo siku zote, naye akae kimya asikilize. Ukianza kumweleza gari lina ugonjwa gani, atakukatiza na kukuuliza mbona basi hukulitibu mwenyewe. Wateja wenye haraka walimwona msumbufu. Na mimi nilimwona hivyo, mpaka lilipokuja gari la Bi Mejumaa.

Bi Mejumaa ni mjane wa hapa hapa Bondeni. Ana gari jeupe la zamani, la kabureta, aliloachiwa na marehemu mumewe. Hulikodisha kubebea maharusi, na ndilo linalompa riziki. Mwaka juzi likaanza kuzimika njiani. Maharusi wawili walimalizia safari kwa tuktuk, na hina zao na dhahabu zao, na mji huu hausahau mambo kama hayo. Wa tatu alikuwa Tumu, binti wa jirani yake. Bi Mejumaa akatuambia waziwazi kwamba likimzimikia na Tumu, atawaita wanunuzi wa vyuma chakavu walichukue, na baada ya hapo hajui atakula nini. Alilia pale dirishani kwangu.

Jamani, tulikuwa tumelifanyia kila kitu. Plagi mpya, koili mpya, platini mpya, pampu ya petroli ikabadilishwa, kabureta ikafunguliwa na kusafishwa mpaka ikang'aa. Tukilijaribu, linatembea mji mzima bila kukohoa. Likienda harusini, linazimika. Wengine wakaanza kunong'ona habari za husuda. Dishon, aliyekuwa likizo muda wote huo, aliporudi akauliza kama kuna yeyote kati yetu aliyelipanda gari lile jinsi bi harusi anavyolipanda. Hakuwako.

Basi akataka apambiwe gari. Dereva wa gari, Ronald, akafunga riboni na maua, akafukiza udi, akafanya maandalizi yote ya siku ya harusi bila kuacha hata moja. Fundi Dishon akaketi nyuma, katikati, na ovaroli yake. Wakatoka Bondeni wakaingia Mji wa Kale. Pale Ndia Kuu akina mama wakampigia vigelegele, na mmoja akauliza bwana harusi amekosa nini hata apewe mke mwenye ndevu. Dishon akawapungia mkono kama bi harusi mwenyewe.

Karibu na Ngome, gari likazimika. Umeme ukikatika, injini hufa ghafla. Hii ilidhoofika kidogo kidogo, ikakohoa, ndipo ikanyamaza, naye Dishon akajua imekosa petroli. Akamwambia Ronald afanye kile afanyacho siku zote likizimika, asiongeze wala asipunguze. Ronald akaenda kufungua kifuniko cha tangi, aone kama petroli imekwisha. Hewa ikaingia tangini kwa mlio mrefu, fyuuu. Akarudi, akapiga ufunguo, gari likawaka.

Chini ya kifuniko kulikuwa na kipande cha mpira wa tyubu. Kifuniko chenyewe kilikuwa kimechakaa, kinavujisha harufu, na Ronald hakutaka petroli ishindane na udi wa maharusi. Kila siku ya harusi aliuweka mpira ule, na harusi ikiisha aliutoa akauhifadhi pamoja na riboni. Tangi likizibwa namna hiyo, hewa haiingii kujaza nafasi ya petroli inayotumika, na pampu hushindwa kuivuta. Kumbe kila alipofungua kuchungulia, maharusi wakiwa wameshahamia tuktuk, alikuwa akilitibu gari bila kujua. Kwetu karakana lilikuja bila mapambo, kwa hiyo mpira hatukuuona.

Dishon akaja stoo. Nilishamwandalia kabureta nyingine, lakini aliniomba kifuniko cha tangi tu, kipya, chenye njia yake ya hewa. Ronald hakufokewa hata kidogo. Tumu alifika ukumbini ndani ya gari jeupe, na Bi Mejumaa, aliyelifuata kwa tuktuk ya tahadhari, akaingia akicheza.

Fundi Dishon, ahsante. Tutakosa ukali wako, na besi yako ya kwaya inayotoka chini ya magari, na kukataa kwako chai mpaka injini iwake. Mimi nitakukosa zaidi, na sioni haya kusema. Wewe na mkeo, shemeji Jael, mjaliwe afya na usingizi mzuri huko nyumbani.

Jumamosi asubuhi anapanda basi la Siaya, stendi ya Mwembe Tayari. Alitaka kwenda stendi kwa teksi, Bi Mejumaa akakataa katakata. Huu ni msimu wa harusi na maombi ya gari jeupe ni mengi, lakini wote wa siku hiyo amewarudisha, akiwaambia bi harusi wake ameshapatikana. Ronald atafunga riboni na kufukiza udi, na Fundi atakaa nyuma, katikati.

Safari njema, Fundi wetu. Vigelegele tutapiga sisi.

Caroline Mung'aro
Stoo ya Vipuri