Dkt. 'Mapulane Letuka na Wanafunzi Kumi na Mmoja Waliokaa Kimya

Watu wa ukoo wa Mphosi na wa Letuka, majirani na wanafunzi, mimi ni Tankiso, mdogo wa marehemu. Nimepewa kuwasomea maisha ya dada yetu.

Dkt. 'Mapulane Letuka alizaliwa akiitwa Nthati Mphosi, tarehe 14 Machi 1966, hapa hapa Ha Lesaoana, wilaya ya Quthing, mtoto wa pili kati ya watano. Alianza shule ya misheni mwaka 1973, akasoma sekondari Mohale's Hoek, na mwaka 2004 akapata shahada ya uzamivu huko Bloemfontein. Mama alipomwambia sasa apumzike, alijibu, "Nipumzike kwa lipi, mama? Ndiyo kwanza naanza."

Tarehe 11 Desemba 1993 aliolewa na Bwana Thabiso Letuka. Wakwe wakampa jina la 'Mapulane, mama wa Pulane, kabla mtoto mwenyewe hajapatikana. Pulane alizaliwa mwaka 1995, na Teboho akafuata.

Alifundisha chuo kikuu kimoja cha Maseru, na tangu mwaka 2015 kozi zake zote zilikuwa za mtandaoni. Tuseme ukweli, mwanzo ulikuwa mbaya. Alirekodi mihadhara ya video ya saa nzima nzima. Kati ya wanafunzi sitini na mmoja, wanne tu ndio walioitazama. Akawaita wavivu. Ndipo Palesa, mwanafunzi wa Mokhotlong, akampigia.

"Mwalimu, huku mtandao naupata nikipanda mlimani. Nikae kwenye baridi saa nzima nakutazama tu? Kwani wewe bibi harusi, mama?"

Dada alicheka mpaka akatoa machozi. Wiki hiyo hiyo akafuta video zote. Akaanza kurekodi sauti tupu, dakika nane kwa somo, na swali la mwanafunzi halikulala bila jibu. Aliyekaa kimya siku saba alipigiwa simu, akaulizwa tu, "Umekwama wapi?"

Oktoba 2023 madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Tulimsihi aache kazi. Wapi! Mwezi Mei mwaka huu ofisi ya usajili ilitangaza kwamba wanafunzi wake kumi na mmoja, waliokuwa hawajafungua masomo kwa wiki tatu, wangefutwa tarehe 21 Juni. Dada, aliyekuwa amelazwa, akaagiza simu yake iletwe hospitalini.

Nikamwambia, "Dada, hao wamejitoa wenyewe. Achana nao."

Akanikata jicho. "Wamekwambia wewe? Mimi hawajaniambia. Lete simu, Tankiso."

Alipiga akiwa na mrija wa dripu mkononi. Mmoja alikuwa anamuuguza mama yake, mwingine simu ilivunjika, wengine waliishiwa bando, wakabaki nyuma, wakaona haya kurudi. Dada alimwandikia kila mmoja, kwenye karatasi yake, mahali pa kuanzia. Kumi wakarudi. Khotso Lerata wa Semonkong hakupatikana. Alimpigia mara ya mwisho Jumanne, tarehe 4 Juni. Jumatano saa nne asubuhi alituacha, akiwa na miaka 58. Naumia, sifichi.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, sisi ndugu zake wanne, na wanafunzi wengi, baadhi yao wamesimama hapa wamejitanda mablanketi yao ya heshima. Karatasi ya Khotso ninayo mfukoni. Dada ameandika: "Aanzie somo la tano. Asiniombe radhi."

Pumzika kwa amani, dada. Jumatatu asubuhi Khotso nampigia mimi.