Bi Kikombe, Dada Aliyekataa Kubebwa

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili na binti pekee kati ya watoto wanne wa fundi cherehani na muuza mboga. Mimi ninayewasomea ni kaka yake mkubwa, fundi seremala. Nitajitahidi kumsema kwa adabu, ingawa mwenyewe hakunizoesha.

Akiwa na miaka mitatu aliugua polio, miguu yote miwili ikapooza. Baba akashona mbeleko ya turubai yenye mikanda, na kwa miaka saba marehemu alikwenda shule ya msingi mgongoni kwangu, akinisahihishia hesabu njiani. Sekondari alianza vizuri, akaishia kidato cha pili. Darasa la kidato cha tatu lilikuwa ghorofani, na mimi nilikuwa nimepata kazi mji mwingine. Hakunilaumu hata siku moja, lakini liliniuma na linaniuma mpaka leo. Kidato cha nne alikimaliza mwaka 1982, kwa masomo ya posta.

Mwaka 1984 aliajiriwa halmashauri kama mpiga chapa. Serikali ilipopitisha sheria ya haki za watu wenye ulemavu, mwaka 1998, kila halmashauri iliagizwa kuajiri mkaguzi wa majengo ya umma. Tangazo la nafasi hiyo alilichapa yeye. Alipolitoa kwenye mashine akaingiza karatasi nyingine, akachapa maombi yake.

Ukaguzi wake mnaujua. Michoro hakuitaka. Alijaza kikombe cha chai hadi ukingoni, akakipakata, akasukuma kiti chake cha magurudumu kutoka barabarani, mlangoni, dirisha la huduma, mpaka chooni. Chai ikimwagika, hatii sahihi. Mafundi wakambandika jina la Bi Kikombe.

"Bi Kikombe, leo jaza nusu basi," mmoja alimbembeleza.

"Na wewe nikuidhinishie nusu mlango?"

Mwaka 2001 nilipata kazi ya kujenga njia ya mteremko pale zahanati. Nikajua nimepona, mkaguzi ni damu yangu. Chai ilimlowesha gauni kabla hajafika katikati.

"Dada, si chai tu hiyo?"

"Leo chai, kaka. Kesho mtu na kiti chake. Bomoa."

Nilibomoa mara mbili, na wiki nzima nilimnunia. Mara ya tatu halikudondoka hata tone. Akainywa ile chai, imeshapoa, akatia sahihi, akaniambia nirekebishe kitasa.

Ndoa alifunga tarehe 7 Julai 1990 na karani wa posta, shemeji yetu huyu hapa. Wanaume wengine walikuwa wakimwona tu wanakimbilia kumsukuma. Huyu, siku ya kwanza kukutana naye kaunta, alimuuliza, "Nikusukume au nikupishe?" Marehemu akajibu, "Nipishe." Alituambia baadaye kwamba moyo wake uliamua palepale.

Jengo moja lilimshinda kwa muda mrefu, nalo ni la halmashauri yenyewe. Ukumbi wa vikao uko ghorofa ya pili, na kwa miaka kumi na moja walinzi wawili walimbeba ngazini kwenda kusoma taarifa yake ya ukaguzi. Aprili 2009 alifika chini ya ngazi akafunga breki.

Mkurugenzi alishuka. "Mama, vijana wapo, wakubebe kama siku zote."

"Mheshimiwa, sheria mmeipitisha wenyewe serikalini, mimi kazi yangu kuisoma. Hakuna palipoandikwa nibebwe. Nilishaacha shule kwa ajili ya ngazi. Kikao hiki sikiachi, na ngazi sipandi."

Namshukuru mkurugenzi yule, hakupandisha sauti. Alikaa kwenye ngazi, akaagiza madiwani washuke, na kikao kikafanyika mapokezi, wengine wamesimama. Ajenda ya kwanza ilikuwa lifti. Ilichukua miezi kumi na saba, kwa sababu serikali ina mwendo wake, lakini ilifungwa. Marehemu alipanda peke yake, kikombe mapajani.

Alistaafu mwaka 2021. Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na mapafu, akalazwa mara nne. Alipolazwa mara ya mwisho, Januari hii, nilikaa kando ya kitanda chake.

"Kaka, mgongo wako ukoje siku hizi?"

"Umechakaa."

"Utafaa hivyohivyo. Siku yangu ikifika nibebe wewe. Siku hiyo ruhusa."

Alifariki Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, saa tatu asubuhi.

Ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu watatu, na sisi kaka na wadogo zake. Mwenyezi Mungu ampokee na kumpa pumziko lenye amani.

Na ninyi wapwa zangu, najua mmepanga vijana wa kubeba jeneza. Mbele, upande wa kulia, niachieni mimi.

Nitakwenda polepole, dada. Haitamwagika.