Godoro la Hoteli Kubwa

Fundi cherehani alijifanya amesinzia, ila masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele cha basi, ambako bwana mwenye tai alikuwa akimlalamikia mama aliyekaa naye. "Hoteli kubwa vile, mama, ukumbi unang'aa, halafu godoro gumu kama sakafu! Nikafunua shuka nisome jina la kiwanda, nikawaumbue huko mapokezi." "Ehe?" Bwana akakohoa. "La kwetu. Niliwauzia mwenyewe."

Fundi akafumbua jicho moja. Usingizi gani tena? "Makubwa!" mama akasema. "Angalau uliwaomba radhi?" "Radhi ya nini? Wameagiza mengine! Wanasema wageni siku hizi wanaondoka vyumbani mapema." "Nawe ukakubali?"

Basi likasimama. "Sasa mama, si nilikwenda kikazi?" bwana akasema, akashuka taratibu, kiuno kakishika kwa mikono miwili.