Bei ya Mlangoni

Kwenye basi, mbele yangu walikaa wanawake wawili wasiojuana: msusi mwenye mkoba wa vitana, na binti wa ofisi ya takwimu mwenye kitambulisho shingoni. Binti alikuwa akieleza kwamba bei za saluni hazijapanda mwaka mzima. Yeye mwenyewe huzunguka kuziuliza. “Kwenye hesabu yetu ya kupanda kwa bei, kodi ya nyumba tu ndiyo tunaiweka kando,” alisema.

“Mimi mwenye nyumba hajaniweka kando,” msusi alijibu. “Na ukiuliza, huwa unakaa kitini?”

“Nikae vipi, dada, na niko kazini? Nauliza mlangoni.”

“Basi unapewa bei ya mlangoni, ya kumvuta mtu aingie. Akishakaa, kuosha kuna bei yake, mafuta yana bei yake, na nywele zikiwa nzito, Mungu amsaidie.”

Nikaelewa kwa nini nyongeza yetu ya mshahara, inayofuata hesabu za huyu binti, haijawahi kunifikisha saluni.

Basi likasimama. Binti akainuka, akageuka. “Na kwako kusuka ni bei gani?”

Msusi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. “Ukiwa umesimama hivyo, mdogo wangu? Ileile ya mwaka jana.”