Hirizi ya Kwenye Boneti

HUSNA: Haloo? Abbasi? Ni wewe, au nimempata muuza karanga?

ABBASI: Haloo! Nani hu— Husna! Mambo?

HUSNA: Poa. Mbona kelele hivyo?

ABBASI: Niko gereji, mtu anagonga bodi nyundo. Subiri nitoke nje. [Mkwaruzo.] Haya, sema. Wajomba zangu wameshanyoa, kanzu zimepigwa pasi, alasiri tunaingia kwenu na posa. Baba yako anaendeleaje?

HUSNA: Baba kachanganyikiwa.

ABBASI: Kwa furaha?

HUSNA: Furaha gani! Katoka soko la Feri na samaki wake, kapita nyumbani, kafungua boneti aongeze maji kwenye rejeta. Kakuta hirizi.

ABBASI: Kakuta nini?

HUSNA: Hi-ri-zi! Kwenye pikapu! Kitambaa cheusi, uzi mwekundu, imejibana pembeni ya injini kama kupe. Tangu hapo nyumbani hakukaliki.

ABBASI: [Mkwaruzo.]

HUSNA: Haloo? Abbasi? Umekatika?

ABBASI: Nipo. Uzi mwekundu, eh?

HUSNA: Mwekundu pyu! Baba anasema ni Ramadhan, yule mwenye pikapu ya bluu anayegombea naye mizigo ya samaki. Eti tangu gari letu lianze kumpita barabarani, Ramadhan hapati usingizi. Sasa hivi Baba anatafuta viatu amfuate kwake Jangwani, amuumbue mbele ya mtaa.

ABBASI: Mzuie! Vifiche hivyo viatu!

HUSNA: Kwa nini?

ABBASI: Kwa sababu hirizi yenyewe... ni yangu.

HUSNA: Abbasi! Umemloga baba yangu?

ABBASI: Nimlogee nini! Ni kifaa! Kiboksi tu, nilikipata kwa Paras, yule Mhindi wa duka la spea kule Mchafukoge, kakileta kutoka Dubai. Unakichomeka kwenye waya za pampu ya dizeli, kinaidanganya kompyuta ya injini, inamimina dizeli nyingi zaidi, gari linachomoka. Kitambaa nilikivisha maji ya mafuriko ya Jangwani yasikiingie.

HUSNA: Na uzi?

ABBASI: Wa fundi cherehani wa jirani! Ndio uliokuwepo!

HUSNA: [Anacheka.] Wallahi nakufa... Sasa si ungemwambia tu?

ABBASI: Nimwambie nini, na kila baraza anatangaza “huyu kijana ana mikono, kaligusa gari kidogo tu, linaruka”? Hiyo ndiyo iliyomlainisha akaruhusu wajomba waje. Na mimi nikaitikia, ndiyo mzee, mikono yangu. Leo niseme ni kiboksi cha Paras, nabaki na nini?

HUSNA: Unabaki na mimi, zuzu wewe.

ABBASI: Mpaka alasiri! Hicho kiboksi kiko wapi?

HUSNA: Kwenye ndoo ya maji na chumvi ya mawe.

ABBASI: Mama yangu weee!

HUSNA: Kakikata kwa kisu cha samaki, huku anasoma Ayatul Kursi. Kawasha gari, kimya. Akasema, mnaona? Limekasirika! Na samaki bado wamo nyuma, paka wa mtaa mzima wamejaa mlangoni.

ABBASI: Kakata waya za pampu, litawakaje! Husna... Ramadhan mwenyewe si mchokozi yule? Tukimwachia hii lawama kidogo tu, mpaka posa ipite—

HUSNA: Rudia.

ABBASI: Natania.

HUSNA: Hutanii. Mkewe ndiye aliyemkanda mama alipojifungua mdogo wangu. Leo waitwe wachawi ili mimi niolewe? Sitaki ndoa ya hivyo, Abbasi. Kama ndiyo hivyo, wajomba zako wabaki na kanzu zao.

ABBASI: [Mkwaruzo mrefu.] Mpe simu.

HUSNA: Kweli?

ABBASI: Mpe kabla sijakimbilia Kigamboni.

HUSNA: Baba! Baba, simu yako—

MZEE ABDULATIF: Nani?

ABBASI: Shikamoo mzee. Abbasi hapa.

MZEE ABDULATIF: Marahaba. Sema haraka, nakwenda kumtia mtu adabu.

ABBASI: Siyo Ramadhan, mzee. Niliyeiweka hiyo hirizi ni mimi.

MZEE ABDULATIF: Wewe? Aaah! Ndiyo maana! Nilikuwa najiuliza, Abdulatif mimi, mtu mgumu hivi, nimekubali vipi posa kwa kikombe kimoja cha kahawa? Umenitia kwenye chupa!

ABBASI: Hapana mzee! Kinadanganya injini, hakidanganyi watu! Ni kifaa cha kuongeza mbio, muulize Paras. Aliyekudanganya ni mimi. Gari lilikuwa linakimbia kwa hicho kidude, mikono yangu haikufanya lolote ila kukifunga.

MZEE ABDULATIF: [Paka wanalia.] Ndiyo maana lilikuwa linakunywa dizeli kama limealikwa harusini.

ABBASI: Ndiyo, mzee.

MZEE ABDULATIF: Na ungenyamaza, ningekwenda kumvua Ramadhan nguo bure.

ABBASI: Ndiyo, mzee.

MZEE ABDULATIF: Wazo la kunyamaza lilikujia?

ABBASI: ...Lilikuja, mzee. Husna akalifukuza.

MZEE ABDULATIF: [Anaguna.] Mama yake mtupu huyo. Sikiliza, kijana. Umeniudhi sana, na aibu nimeipata mbele ya paka. Chukua waya, njoo sasa hivi, samaki wananuka. Wajomba zako waje alasiri kama tulivyoagana.

ABBASI: Kwa hiyo mzee, bado una—

MZEE ABDULATIF: Binti nitakupa. Gari ndilo sikuachii peke yako. Utafunga hizo waya nimekaa na kiti pembeni, nakutazama vidole.

HUSNA: [Kwa mbali.] Hee! Baba! Kwa hiyo mimi naachiwa tu, pikapu ndiyo ya kulindwa?

MZEE ABDULATIF: Wewe una mdomo, mwanangu. Akikuchezea, mtaa mzima utasikia. Gari lina nini? Shika simu yako.

HUSNA: Abbasi! Umesikia? Vocha inaisha, kimbia!

ABBASI: Nakimbia! Na wajomba niwaambie ni—

[Salio limekwisha.]