Vyungu Arobaini vya Siku Moja

Benchi letu limeegemea ukuta wa dobi, na asubuhi ile hakuna aliyetaka kukaa karibu na Fundi Udongo, ingawa sote tunampenda. Ndiye mfinyanzi pekee aliyebaki mtaani. Jana yake shule ilimwalika kwenye maonyesho ya kazi za mikono, akafinyanga na watoto arobaini, kila mtoto na chungu chake. Vyote vilipasukia motoni mbele ya wazazi. Tulikuwa watu wanne na birika moja la kahawa: yeye, mimi seremala, Majira fundi saa, na dobi mwenyewe, tunayemwita Profesa kwa kuwa anafua mashati ya walimu.

— Hivi vilipasuka kwa nini hasa? Profesa alishindwa kujizuia.

— Vilikuwa vibichi, alisema Fundi. Chungu hukaa kivulini wiki nzima ndipo kionje moto. Ratiba yao ilisema saa tatu kufinyanga, saa saba kuchoma, saa tisa watoto waende navyo nyumbani.

— Na wewe ukakubali! Majira aliruka.

— Nilimwambia mwalimu mkuu. Akasimama mbele ya wageni akasema, "Udongo uwahi ungali maji!" Watu wakapiga makofi. Ningesema nini tena?

— Si unaona? alisema Profesa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Makofi ndiyo yaliyozidisha maji.

— Acha upuuzi wewe! Ni simu. Vidole vya watoto wa siku hizi vimejaa umeme. Wamekanda, umeme umeingia mle ndani, moto umeukuta.

— Umeme gani, Majira? Hii ni njama ya wauza sufuria. Wana mtu wao pale shuleni.

— Nani?

— Mwalimu wa hesabu, yule mfupi. Kola zake zinanuka alumini. Nazifua mimi!

Tulicheka, Mungu atusamehe. Fundi hakucheka.

— Cha kwanza kilipolia paa, watoto walishtuka, alisema. Kufika cha kumi wakawa wanahesabu kwa sauti. Nilikuwa natafuta mmoja tu, jamani. Mmoja wa kumwachia kazi. Nikifa mimi, imekufa.

Iliniuma. Majira alifungua mdomo aseme subira huvuta heri, nikamkanyaga mguu.

Ndipo akaja mama mmoja, bahasha ya shule mkononi.

— Shikamooni. Fundi wa vyungu ni nani?

— Marahaba, mwanangu. Ni mimi.

— Binti yangu alikuwa kwako jana. Amelia mpaka basi, anataka kujua alikosea wapi. Nafikiria kumleta awe anajifunza. Ila nijipange kwanza: wanao wewe walichukua muda gani kuijua hii kazi?

Fundi alijimiminia kahawa. Ana vijana watatu, watu wazima sasa, na sote tuliwahi kumsikia akiwafukuza udongoni kwa fimbo: "Someni! Mkitaka kushika udongo, ngojeni mnizike." Wakasoma. Hakuna anayejua hata kukanda. Mtoto wa Majira ni karani, hajui kufungua saa; wa Profesa hajawahi kushika pasi. Wangu nilimkataza mimi mwenyewe kuingia karakanani kwangu.

Yule mama alidhani hakusikika.

— Miezi, baba? Au miaka?

Tulikuwa wazazi wanne pale benchini, na hakuna aliyeweza kumtajia hata siku moja.